Chumvi Niliyoizidisha

Samaki wa chumvi haingii nyumbani kwangu. Majirani wanadhani ni madaha ya mwalimu, nami nimewaacha wadhani hivyo, maana madaha ni aibu ndogo kuliko ile ya kweli. Lakini juma lililopita jirani mmoja aliyerudi kutoka ng'ambo ya mto aliniletea zawadi, mbisi mbili kubwa, samaki wa chumvi waliofungwa kwa majani, akaziweka juu ya meza ya jikoni kabla sijasema neno. Majani yalikuwa yanavuja. Maji mazito ya rangi ya chai hafifu yalitiririka hadi ukingoni mwa meza, yakadondoka sakafuni, na ile harufu ikapanda: chumvi ya mawe, magamba, na kitu kama chuma kilicholowa. Nilimshukuru kama inavyopasa, nikamsindikiza hadi barabarani, kisha nikarudi nikakaa kwenye ngazi ya nje, mwanamke mzima, nikishindwa kuingia jikoni kwangu mwenyewe.

Nimeandika mambo mengi ubaoni katika maisha yangu, ila hili sijawahi kuliandika popote. Naliandika kwa ninyi wa rika langu, mliokulia hapa Kisangani wakati baiskeli za toleka zilikuwa ndizo teksi za mji, kabla pikipiki hazijachukua barabara zote. Huenda na ninyi mna jambo mlilolifanya utotoni, na mtu mwingine akabeba mzigo wake.

Tulikaa Simi-Simi, upande wa kiwanja cha zamani cha ndege, katika nyumba ya matofali yenye ua mdogo nyuma ya jiko. Papa alitoka Kindu. Alikuwa karani wa serikali, mtu wa kupiga shati pasi hata siku ya mvua kubwa, na shule aliiheshimu karibu sawa na dini yake. Mama alikuwa mtu wa mto, mzaliwa wa Yanonge, na aliuza vitenge sokoni. Baina yangu na mdogo wangu Amisi kulikuwa na miaka kumi na miwili na mimba mbili zilizotoka. Kwa hiyo Amisi alipozaliwa mzima, akilia kwa sauti ya kuudhi mtaa, tulifurahi, na papo hapo tukaanza kuogopa kumpoteza. Ili kumsaidia Mama, mdogo wake wa mwisho alipanda boti kutoka Yanonge, akaja kukaa nasi. Tulimwita Mama Leki, ndivyo anavyoitwa huku mdogo wa mama. Mimi nilimwona mtu mzima sana. Sasa nikifikiri, hakuwa na zaidi ya miaka ishirini na miwili.

Mama Leki alikuja na kazi yake. Kaka zake walimtumia samaki kwa boti, naye aliwatia chumvi pale uani. Alimpasua samaki mgongoni, akamfungua kama kitabu, akatoa matumbo na matamvua, kisha akachota chumvi kwa kiganja na kumsugua ndani na nje, mpaka chini ya mapezi. Aliwapanga katika nusu pipa, safu ya samaki, safu ya chumvi, akafunika kwa ubao na kuweka jiwe juu. Hakumwaga hata tone la maji. Lakini kesho yake asubuhi, akiinua ubao, samaki walikuwa wanaogelea katika maji yaliyofika kwenye kifundo cha mkono wake.

“Mama Leki, hii maji inatoka wapi?” nilimuuliza siku zake za kwanza kwetu.

“Mbisi inalia,” alinijibu bila kugeuka. “Ulisikia wapi mutu anapakaliwa munyu kwa kidonda na halie?”

Nikaamini. Kwa miezi mingi nilikuwa nikiinama juu ya pipa na kuwaambia samaki pole. Nilidhani wanaulilia mto.

Mikono yake siikumbuki bila chumvi. Ilikuwa imemwingia kwenye mistari ya viganja na pembeni mwa kucha, ikikauka ilikuwa nyeupe, na alipokupapasa usoni ulisikia mkwaruzo. Alikuwa akiinawa kwa sabuni kabla ya kumshika Amisi, lakini ukali wake haukwisha. Amisi aliupenda ukali huo. Mama angeweza kumwimbia saa nzima asilale, kisha Mama Leki akamsugua mgongo mara tatu nne kwa viganja vile, na mtoto akazima. Nadhani Mama aliona wivu kidogo, nami pia.

Kisha nikaingia sekondari, nikakutana na osmosi.

Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa kijana mwembamba aliyevaa koti moja mwaka mzima, na sisi tulimwita Prof tu. Shule ilikuwa na hadubini moja isiyo na lenzi, iliyowekwa kabatini ili wakaguzi waione. Kwa hiyo Prof alitufundisha kwa papai. Alilikata papai bichi nusu mbili, akalimenya, akakomba mbegu, akaziweka nusu zote kama vikombe katika beseni la maji. Kikombe kimoja alikitia chumvi, kingine akakiacha kitupu. Kesho yake tulikimbilia darasani bila hata kusalimiana. Kikombe kitupu kilikuwa vilevile. Kile cha chumvi kilikuwa kimejaa maji.

“Nani alitia maji humu?” Prof aliuliza. “Hakuna mutu. Maji ilipita yenyewe kwa membrane, ile ngozi nyembamba yenye inazunguka kila seli. Membrane inaacha maji ipite, munyu inakatalia kwa mulango. Donc maji inaenda upande wenye munyu iko mingi. Toujours. Muandike: toujours.”

Niliandika toujours na kulipigia mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu. Neno hilo nililiona kama ufunguo niliopewa mimi peke yangu. Katika jaribio la wiki ile nilipata alama za juu kuliko wote, Papa akanishika mkono kama wanavyoshikana wanaume ofisini, akaanza kuniita Docteur. Na mimi nikawa mtoto asiyevumilika.

Siku hiyohiyo nilimfuata Mama Leki uani kwenda kumrekebisha.

“Mama Leki, mbisi hailie. Ni osmose.”

“Ni nini?”

Nikamweleza, mikono nyuma kama Prof. Nikamwambia kuwa mwili wa samaki na wa mtu umejengwa kwa vijumba vidogo sana, kila kimoja na ngozi yake, na kwamba vitu hupita katika ngozi hizo. Mama Leki aliacha kisu, akanisikiliza kwa heshima ambayo sikuistahili. Kisha akatazama viganja vyake.

“Hata munyu inapita kwa ngozi?”

Prof alikuwa amesema chumvi hukataliwa mlangoni. Lakini Prof alikuwa pia amesema kwamba membrane nyingine hupitisha vitu vingine, na hapo sikuwa nimeelewa. Kusema sijui lilikuwa jambo gumu kwa Docteur.

“Kama iko mingi, inapita,” nikamjibu.

“Kumbe,” akasema, na kurudi kwenye kisu chake. “Bon. Ile osmose yako ikuye inisaidie kupasua hizi mbisi.”

Alicheka, nami nikachukia. Nilitaka anistaajabie.

Amisi alianza kuharisha mvua zilipoanza. Alikuwa amekwisha kusimama kwa kushika kiti. Siku ya kwanza hakuna aliyehangaika. Siku ya pili Mama alimpeleka kwenye kituo cha afya, na muuguzi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya, alisema pakiti za serumu zimekwisha, lakini itengenezwe nyumbani. Nilikuwapo. Litre moja ya maji yaliyochemka na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa kwa kisu. Mtoto apewe kidogo kidogo, na kama hapati nafuu arudishwe.

“Na muonje mbele ya kumupa,” alisema. “Kama inapita munyu ya machozi, muitupe. Musimupe.”

Mama aliandika hayo kwenye karatasi, akanipa mimi, kwa sababu Mama Leki hakujua kusoma. Mgawo wa kazi ukawa huo. Mama alikuwa sokoni, Papa ofisini. Mimi nilichanganya serumu, chupa moja kabla ya kwenda shule, nyingine nikirudi mchana. Mama Leki alimnywesha mtoto.

Siku ya kwanza ya serumu nilifuata karatasi herufi kwa herufi. Amisi alikunywa vizuri. Lakini aliendelea kuharisha, na nilipotoka shule siku iliyofuata nilimkuta Mama Leki anafua nepi ya saba. Nilitazama yale maji yakitoka kwenye kitambaa, nikafikiri. Nilifikiri kwa makini kuliko nilivyowahi kufikiri darasani, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba sikufanya kwa uzembe. Maji yanaingia mdomoni na kutokea chini. Hayakai. Kwa nini hayakai? Kwa sababu mwilini mwa Amisi hakuna kinachoyashika. Na maji hufuata nini? Nilijua yanafuata nini. Nilikuwa nimelipigia neno lile mistari miwili.

Nikaona wazi kabisa kwamba muuguzi hakusoma kama mimi. Nusu kijiko! Nikaenda kwenye beseni la chumvi ya samaki pale uani, nikachota vijiko viwili vilivyojaa hadi kumwagika, nikavitia katika chupa, nikatikisa.

Amisi alionja akakunja uso wote, akatema. Mama Leki akamjaribu tena, akatema tena na kulia. Hapo Mama Leki alimimina kidogo katika kikombe, akachovya kidole, akaonja.

“Docteur,” aliniita, na hakuwa anatania. “Hii iko na munyu mingi. Inapita machozi.”

Nilikuwa na nafasi. Mtu mzima alikuwa ameonja, amesema, na yale maneno ya muuguzi yalikuwa bado mfukoni mwangu. Lakini nilikuwa nimekwisha kuwa Docteur.

“Ni kidole yako, Mama Leki. Mikono yako iko munyu tupu. Serumu iko muzuri, ni vile inaandikwa hapa.” Nikamwonyesha karatasi ambayo nilijua hawezi kuisoma.

Akakitazama kidole chake. Akakipangusa kwenye kitenge. Kisha akamlaza Amisi mapajani, akambana pua kidogo ili afungue mdomo, akamnywesha kijiko baada ya kijiko, akimbembeleza kwa Kilokele cha kwao, huku mimi nimekaa pembeni nafanya kazi ya nyumbani ya jiografia.

Kabla jua halijateremka, Amisi alikuwa na kiu ya kutisha. Alinyoosha mikono kwa kila kikombe alichokiona, na sisi tukampa kilichokuwamo katika chupa. Ngozi yake ikawa ya moto na laini kama unga uliokandwa. Alilia kwa sauti kali, nyembamba, isiyokuwa yake. Kisha akaacha kulia, na mkono wake mmoja ukaanza kurukaruka peke yake.

Mama aliingia wakati huohuo akitoka sokoni. Alidondosha fungu la vitenge mlangoni. Tulikimbia barabarani, Mama akapanda toleka ya kwanza na mtoto kifuani, Mama Leki ya pili, mimi ya tatu na chupa mkononi. Mwendesha toleka wangu alikuwa anahema na kuniuliza, “Ni leki yako? Ni leki yako?” yaani mdogo wangu, nami nikazidi kuikumbatia chupa. Papa alitukuta hospitalini, shati lake limetoka nje ya suruali. Sikuwahi kumwona hivyo.

Daktari aliuliza mtoto alikuwa anakunywa nini. Nikampa chupa. Akamimina matone kwenye kiganja, akayagusa kwa ulimi, akatema palepale sakafuni.

“Nani alimupa hii?”

Mama Leki alikuwa amesimama nyuma kabisa, mikono yake imefumbatana, chumvi nyeupe ikionekana kwenye mikunjo ya vidole.

“Ni mimi,” akasema. “Ni mimi nilimunywesha.”

Ilikuwa kweli, naye aliulizwa hilo tu. Papa alimgeukia, akamtazama mikono, na nikaona usoni mwake jambo likiamuliwa. Alimwita kwa jina la shemeji, kwa upole wa kutisha, “Bokilo, ukae inje.” Naye akatoka, kwa sababu shemeji mkubwa alikuwa amesema.

Mama alinivuta kando ya mlango. “Sema kweli. Ni wewe ulichanganya ile chupa?”

“Ya asubui ni mimi,” nikasema. “Ya pili nilikuta inafanywa tayari.”

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote. Lilitoka laini kabisa, kama lilikuwa limenisubiri mdomoni.

Amisi alikaa hospitalini siku nne. Walimrudishia maji polepole kwa mpira mshipani, na siku ya tatu alimtambua Mama na kumvuta hereni. Alipona. Hakuna kilichomwachia alama, na leo ni baba mtu mwenye sauti ileile ya kuudhi mtaa. Nalisema mapema ili msihangaike naye kama sisi tulivyohangaika. Aliyepotea ni mwingine.

Siku moja, Amisi akiwa angali hospitalini, nilimkuta Mama Leki uani akisugua mikono kwa majivu na ndimu. Ngozi ilikuwa imechubuka, mahali pengine damu inaonekana. Aliponiona aliacha, akanisogelea, lakini hakunigusa.

“Mwana wa yaya, wewe ulisoma,” alisema; yaya ni dada mkubwa, yaani Mama. “Uniambie tu. Ni mikono yangu, si vile? Munyu imeingia ndani ya mikono, haitokake. Nilishika chupa, nilishika kijiko, nilimushika mutoto siku muzima. Ikapita kwa ngozi yake. Ni vile ulinielezaka.”

Ningeweza kusema neno moja tu. Sina udhuru wa kutojua, maana hapo nilikuwa nimekwisha kujua kwamba ni chupa yangu, nilimwona daktari akitema. Niliogopa Papa. Niliogopa jina la Docteur lisije likaniponyoka. Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo.

Kukaa kimya ningejisamehe, pengine. Kile kichwa nilichokitikisa, bado sijui nikifanyeje.

Hakufukuzwa kwa makelele. Papa alimwambia Mama, Mama akamwambia Mama Leki kwamba kaka zake wanamhitaji. Nilimsindikiza mpaka penye boti nikiwa nimebeba mfuko wake. Wakati wa kuagana alificha mikono kwapani, akaniinamia, akanigusa shavu kwa shavu.

Miaka ikapita, nikawa nilivyokusudiwa kuwa, au karibu yake. Katika chuo cha ualimu nilifundishwa sawasawa lile nililokuwa nimelielewa nusu. Prof hakutudanganya, maji hufuata chumvi. Lakini utumbo ni bomba linalopita ndani yetu, na kilichomo ndani ya bomba bado hakijaingia mwilini. Chumvi kidogo ikiwa pamoja na sukari hupita vizuri, kwa maana kwenye ukuta wa utumbo kuna malango yanayoingiza viwili hivyo kwa pamoja, na maji huvifuata ndani. Ndiyo sababu ya vijiko sita vya sukari na nusu cha chumvi. Ukiizidisha chumvi, malango yanajaa, inayobaki inakaa bombani na kuyaita maji kutoka mwilini yatoke nje. Na ile iliyopenya hadi kwenye damu huyanyonya maji kutoka katika seli zenyewe, hata za ubongo. Nilikuwa nimemtia Amisi chumvi kwa ndani kama vile mbisi hutiwa pipani. Niliandika maelezo hayo yote kwa mwandiko mzuri, nikafunga daftari, nikatoka nje ya ukumbi kabla kipindi hakijaisha.

Na bado sikusema. Nyumbani jambo lile lilikuwa limegeuka kichekesho. Kila sikukuu Papa alimwambia Amisi, “Wewe, karibu tukuuze makayabu,” yaani samaki wa chumvi, na Amisi, aliyeipenda hadithi hiyo kwa kuwa yeye ndiye shujaa wake, alijilamba mkono na kusema bado ana ladha. Watu walicheka. Mimi nilicheka pamoja nao, na wakati mwingine nilicheka wa kwanza.

Kutoka Yanonge zilikuja habari chache. Mama Leki ameacha kutia samaki chumvi, anakausha kwa moshi tu. Ameolewa. Amezaa, na mama mkwe ndiye anayemwogesha mtoto. Amezaa wa pili, na wa tatu. Wanawake wa huko walisema ana maringo, hawapakati watoto wake. Mama alisikitika na kusema mdogo wake amebadilika. Mimi nilizisikia habari hizo, nikaziacha zipite.

Kiangazi kilichopita Amisi alipata mtoto wake wa kwanza, msichana. Papa amezeeka na moyo wake umelainika, akasema lazima Bokilo aitwe, mambo ya zamani yamekwisha. Akaja. Nilimtambua kwa mwendo. Uso ulikuwa umekonda, na mikono yake yote miwili ilikuwa imeviringwa kitambaa safi cha kitenge hadi kwenye vifundo, kama mtu aliyeungua. Mke wa Amisi, ambaye hakujua lolote, alimletea mtoto kwa furaha, na Mama Leki akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta.

“Apana, mama. Mikono yangu haiko ya batoto.”

“Hata mutoto wa Amisi?” yule binti aliuliza, akicheka.

“Hata batoto bangu, sikubashika nayo.”

Chumba kilikuwa kimejaa watu na sahani za lituma, ile ndizi ya kutwanga, na sidhani kama mwingine aliyasikia hayo. Mimi niliyasikia. Nilimshika Mama Leki kiwiko, nikamtoa nje hadi uani, nikamwambia. Sikulipamba. Nilimwambia vijiko viwili, beseni lake, karatasi, kidole, uongo wa hospitalini, na kichwa nilichokitikisa. Nikamwambia kwamba chumvi haipiti kutoka viganjani mwa mtu hadi kwa mtoto, haijawahi kupita.

Hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja.

“Wakati nilizala wa kwanza, wewe ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua.”

“Na wa pili?”

“Nilikuwa nafundisha, Mama Leki. Nilikuwa najua.”

Akatazama barabara. “Boti inatokaka hapa kila siku,” akasema. “Ungenitumia hata mutu.”

Alianza kufungua kitambaa cha mkono wa kulia kwa meno, akafungua na cha kushoto, akaviacha vyote viwili chini. Viganja vilikuwa vyeupe na laini, viganja vya mtu ambaye hajashika chumvi kwa miaka mingi. Aliingia ndani, nami nikamfuata.

“Mulete mutoto,” akasema mlangoni.

Mama akasimama. “Leki, leo umepata nini?”

“Muulize ule mwenye alisoma,” Mama Leki akajibu, akakaa mkekani na kunyoosha mikono.

Wote wakanigeukia. Basi nikasema, mbele ya Papa, mbele ya Amisi, tangu papai hadi penye boti. Amisi alianza kwa kutabasamu, akidhani nimepata namna mpya ya kusimulia hadithi yake, kisha tabasamu likamtoka. Papa aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Mama Leki peke yake hakuwa ananisikiliza. Alikuwa akipapasa nyayo za mtoto, masikio yake, utosi wake, kwa kiganja kizima, polepole, kama mtu anayejifunza.

Nilipomaliza mtoto alikuwa amelala, na Mama Leki alikuwa anamhamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine kwa uchovu. Nikainama, nikanyoosha mikono nimpokee.

Akamgeuza mtoto upande wa pili.

“Acha kwanza,” akasema. “Niko na batoto bangu batatu ya kubeba hapa.”